Mchezo Unaosubiri

3 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na Shangazi hapo mlango wa pili naye awe mzima, goti lake limeacha kumsumbua. Mimi sijambo, ila kutulia ndiyo sijui, kama unavyonifahamu. Nimehama chumba tena. Cha kwanza kilikuwa juu ya gereji. Cha pili mwenye nyumba alikuwa akiimba. Hiki cha sasa kimya chake kinanikera kuliko kelele zote. Mafunzo yanakwenda. Kutwa niko ndani ya shimo la lifti, nimening'inia kwa mkanda, napaka grisi na kukaza nati. Mkufunzi anasema nina mikono mizuri lakini miguu yangu inataka kutoka kabla kazi haijaisha.

Nimekutumia kifurushi. Kumbe kuna watu wanaohifadhi michezo ya zamani ya kompyuta. Wanachukua disketi nzima na kila kilichomo, wanaigeuza faili moja, wanaiita taswira ya diski. Nimeukuta mchezo wetu, wa yule mtu anayeruka mapaa. Nimeujaribu kwenye laptop yangu, haukunoga. Sauti si ile, na mtu mwenyewe anakimbia kama amefumaniwa. Nataka uchezwe kwenye kompyuta yenyewe, ile uliyoinunua kuukuu ili upangie herufi za mabango, ikaishia kutugombanisha mimi na wewe nani ashike kirungu cha kuchezea.

Kisanduku kilichomo unakichomeka pale inapoingia waya ya disketi, kadi unaitia mdomoni mwake. Kazi yake ni kuidanganya kompyuta iamini kwamba imepewa disketi. Maelezo nimeyaandika pembeni.

Jibu kwa barua. Kwenye simu huna neno zaidi ya "sawa, sawa".

Binti yako.


27 Februari

Kiroboto wangu,

Marahaba, mwanangu. Huku hatujambo. Goti la Shangazi yako limepona, kilichobaki ni mdomo, huo haujui kupumzika.

Kompyuta niliishusha juu ya kabati. Nilipoifungua nikakuta nyigu wamejenga humo, nyumba ya udongo iliyonyooka kuliko kuta za mtaa huu mzima. Nikawahamisha kwa heshima. Runinga ya ukutani ikazikataa waya, haina tundu la zama hizo. Nikaenda kwa kinyozi, aliyekuwa na ile ya zamani yenye kisogo, ameifanya meza ya maua. Akanipa, akabaki amesimama na maua yake mkononi.

Kadi yako nayo ilitutoa jasho. Kila tukiitia, kompyuta inaandika kosa. Nilimwita fundi redio, jirani yetu, akasoma maelezo yako mara mbili ndipo akagundua kwamba jina la faili ni refu mno. Mashine ya enzi hizo haimezi majina ya ukoo. Tukalikata. Taa ya kijani ikawaka, kioo kikawa cha buluu, mistari ya rangi ikaanza kupanda, kisha ule muziki. Fundi redio na mvi zake zote akapiga makofi. Mimi nikajikuta nimekaa chini.

Nimefika paa la tatu. Tuma na mingine.

Baba yako.


20 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo tena, na pole na kazi. Mimi mzima. Barua yako niliisoma nikiwa juu ya lifti iliyokwama, mkufunzi akidhani nasoma mchoro wa nyaya.

Nimekutilia kwenye kadi hii michezo minne: wa magari, wa vyombo vya angani, wa kuvua samaki, na ule wa tenisi uliokuwa ukinishinda mpaka nalia. Majina nimeyafupisha, usimsumbue fundi. Kama mmoja ukigoma, utie tena. Taswira nyingine hunakiliwa vibaya na hazina dawa.

Bahasha yako uliiandikia juu ya ngazi, Baba? Anwani imeteremka kama maji ya mfereji. Karani wa posta alinitania kwamba barua imetoka kwa mtoto wa chekechea, nikamwambia huyo mtoto ndiye aliyeandika nusu ya mabango ya mji wetu.

Nimehama tena. Usiulize. Chumba kilikuwa kizuri, mimi ndiye niliyeshindwa kukaa.

Binti yako.


14 Aprili

Mwanangu Kiroboto,

Sijambo, na Shangazi yako hajambo. Ninatumai huko uliko wewe na mwili wako mnakaa chumba kimoja.

Usishangae kuona barua imepigwa chapa. Nimefufua na printa, ile ya nukta nukta. Utepe wake umekauka pembeni tu, katikati bado una wino. Inapiga kelele kama cherehani yenye hasira, lakini inafanya kazi, na mtu akiwa na mashine hana haja ya kujichosha.

Michezo yote minne imekubali. Magari nimeyashinda yote. Ule wa mapaa sasa niko paa la nane, na bado napanda. Shangazi yako anasema nimerudi utotoni. Nimemwambia angalau mimi nimepata nauli ya kurudi.

Kazi si nyingi siku hizi. Nimepumzika kidogo. Soma kwa bidii.

Baba yako.


2 Mei

Baba,

Shikamoo. Afya yangu nzuri. Ya kwako ndiyo ninayotaka kuijua, na safari hii nataka kweli.

Mchezo wa mapaa una mapaa sita. Baada ya hapo mtu yule anarudishwa chini, anaanza upya. Wewe mwenyewe ndiye uliyenionyesha. Hakuna paa la nane.

Nimempigia Shangazi. Usimgombeze, nilimbana. Kaniambia bango la duka la dawa wamempa mtu mwingine. Kaniambia kikombe unakijaza nusu siku hizi, na ukishika kijiko unageukia ukutani. Nilipokata simu niliizunguka nyumba ninayoishi mpaka mlinzi akaniuliza nimepoteza nini.

Baba, ni mkono? Umeanza lini? Hata sijui niulize nini kwanza. Mkufunzi nimemwambia naacha mafunzo. Kasema nifikirie mpaka mwisho wa mwezi, lakini nguo zangu nimeshazifunga. Nakuja nyumbani.

Binti yako.


19 Mei

Mwanangu,

Nimepokea salamu zako na hasira zako, zote zimefika salama.

Ni mkono wa kulia. Ulianza mwaka juzi, kidole gumba peke yake, nikadhani ni baridi ya rangi. Nikawa naegemeza mkono kwenye fimbo, kama tunavyofanya sote wachora mabango, nikaona unatulia. Kisha hata fimbo ikawa inatetemeka nao. Duka la dawa hawakuninyang'anya kazi. Nilichora herufi ya kwanza, nikashuka, nikaitazama toka ng'ambo ya barabara, nikapanda tena nikaifuta. Mwenye duka alikuwa amesimama mlangoni. Nikaibeba ngazi yangu, nikaenda zangu nyumbani.

Yule mtu wa mapaa sijapata kumvusha paa la kwanza. Kuruka kunataka kidole kinachotii. Kila nikishika kirungu anadondoka, na ule muziki wa kudondoka unauma, sikujua zamani. Lakini kompyuta naiwasha kila asubuhi. Ndiyo kazi niliyobaki nayo.

Usije. Ukija utafanya nini, utanishikia mkono kutwa? Fungua hizo nguo. Na kama unataka kunisaidia, nitafutie mchezo unaomsubiri mtu, usio na haraka.

Baba yako.


10 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Sijambo kidogo. Nguo nimezifungua, lakini sanduku bado liko wazi katikati ya chumba, kila nikipita najigonga.

Mchezo nimeupata. Ni wa watu wawili, bahari na visiwa, kila mmoja ana jeshi lake. Unahamisha watu wako, unapanda mazao, unapeleka mashua, kisha unasema umemaliza. Hata ukikaa mwezi mzima unafikiri, unakungoja. Herufi moja unaibonyeza, unapumzika, unabonyeza nyingine.

Na mimi nimepata kompyuta kama yetu. Tulikwenda kutengeneza lifti kwenye jengo moja, mama mmoja alikuwa anatupa vitu vya marehemu kaka yake. Nikaiona juu ya lundo, nikaiomba, nikainunulia kisanduku kama chako. Kwa hiyo tutacheza hivi: mimi nacheza zamu yangu hapa, mchezo unajiandika wenyewe ndani ya taswira, naitoa kadi, naitia kwenye bahasha. Wewe unaitia kwako, unacheza, unairudisha. Zamu yangu ya kwanza imo humu. Nimeshachukua visiwa viwili.

Lakini nina sharti. Hujaniambia popote kwamba umekwenda hospitali, nami nakujua. Usipokwenda, sichezi zamu ya pili. Kadi yako ikija bila habari ya daktari, nitaiweka kabatini.

Binti yako mkaidi.


21 Julai

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Wewe je?

Barua haijaja. Simu inaita bila jibu. Shangazi anasema uko salama, kisha anasema umemwapisha, kisha anasema ana chungu jikoni. Jana mkufunzi aliniondoa kwenye shimo kwa sababu nilikaza nati ambayo nilikuwa nimeshaikaza. Nikitoka kazini napita posta, nikitoka posta narudi tena kuuliza kama wameangalia vizuri.

Kama ni sharti langu limekuudhi, nalifuta. Tuma kadi peke yake ukipenda.

Binti yako.


16 Agosti

Kiroboto,

Marahaba, mama. Niwie radhi kwa kimya. Nilitaka nikujibu nikiwa na jibu.

Nimekwenda. Mara ya kwanza nilifika getini nikarudi. Mara ya pili Shangazi yako alinifuata nyuma bila kuniambia, nikageuka nikamkuta amesimama kama askari, ikabidi niingie. Daktari ni kijana wa umri wako, wa kike. Alinipa karatasi akaniambia nichore duara linalozunguka kuelekea ndani, kama konokono. Mwanangu, mimi nimechora konokono wa urefu wa mlango kwa mkono mmoja, huku nimeshika ngazi kwa mwingine. Huyu wa siku ile alitoka kama amekanyagwa. Daktari akamtazama, kisha akaniuliza nilikuwa nafanya kazi gani. Nikamwambia. Akaweka kalamu chini.

"Mzee," akasema, "ugonjwa huu kuuondoa siwezi. Kuupunguza naweza. Ungekuja mapema tungepunguza mapema."

Kusema kwake kweli tupu ndiko kulikonifanya nimwamini. Ugonjwa una jina, nitakutajia siku nikizoea kulitamka. Nimepewa vidonge. Wiki za kwanza vilinitia kichefuchefu na ndoto za ajabu, ndiyo maana sikushika simu, ungenisikia. Sasa asubuhi mkono unatulia. Herufi kubwa za mabango sitachora tena. Nimeligawa sanduku la brashi kwa yule aliyepewa duka la dawa. Alistahili, herufi zake zina shingo, zinasimama wima.

Nalia kidogo, nakula vizuri. Ndiyo hali.

Sasa na mimi nina sharti, maana hukuzaliwa peke yako na ukaidi. Lifunge hilo sanduku lako la nguo, ulirudishe chini ya kitanda, umalize mafunzo. Nikisikia umeacha, kadi hii ndiyo ya mwisho kuiona. Njoo ukiwa fundi, ukae mwezi mzima, nami nitakupokea mwenyewe.

Mchezo nimeuelewa. Ulipeleka mashua zako zote mbele kwa pupa, nyumbani hukuacha mlinzi hata mmoja. Nilifikiri siku kadhaa kama nikuachie, kisha nikakuchukulia kisiwa cha kaskazini pamoja na mazao yake. Usinihurumie, mimi sikukuhurumia.

Zamu yako.

Baba yako.