Niliahidi Sitafungua Majina, Sasa Mkono Unaniwasha

Shangazi mpendwa, shikamoo, nisaidie kabla sijaharibu. Mimi ni mwalimu wa hisabati, nafundisha takwimu kwa programu ya mtandaoni, wanafunzi wanabonyeza majibu kwenye kompyuta zao na grafu inajichora yenyewe ukutani, wanaipenda kweli, basi juma lililopita nikajitia ujanja nikawaambia leo data ni mimi mwenyewe, mnanielewa kiasi gani, nipeni alama moja hadi tano, majina sitayaangalia, nawaahidi. Lo! Nguzo ya alama tano ikapanda, nikaanza kutabasamu, mara nguzo ya alama moja nayo ikapanda ikalingana na ile ya tano, katikati patupu, na programu ikatoa wastani: tatu. Mkuu wa shule aliyekuwa amekaa nyuma akasema, "Wastani, si mbaya," akaondoka zake. Nilicheka na watoto lakini niliumia, Shangazi, niliumia sana, maana binti yangu yumo darasani humo, na tangu siku hiyo nikimwuliza, "Hisabati vipi, mama?" ananijibu, "Sawa tu, baba," macho kwenye sahani. Na majina yapo, nikibonyeza tu nitajua nani alinipa moja. Nifungue?

Mwalimu wa Alama Tatu

Marahaba, Mwalimu, na pole. Ila usinizungushe: huwatafuti wote, unamtafuta mmoja.

Kwanza, mkuu wako kakupotosha na wewe ukameza. Mtu akisema "wastani" mtaani, anamaanisha mambo si haba. Kwenye grafu yako hakuna hata mtoto mmoja aliyesema hivyo. Nusu wanakuelewa, nusu wamepotea, na hiyo tatu si ya mtu yeyote. Mwalimu mzima wa takwimu, grafu inakwambia kitu, wewe unanuna! Hebu acha.

Kesho irudishe ukutani. Waambie ukweli kwamba majina yapo, kisha uyafute mbele yao, waone kwa macho yao. Waulize kwa nini tatu inadanganya hapa, hilo ni somo tosha. Halafu waulize walipotelea kwenye mada gani, na urudi ukafundishe hapo taratibu, kwa chaki ikibidi, maana hiyo programu inachora haraka kuliko mtoto anavyofikiri.

Na binti yako mwache ale kwa amani. Kama ndiye aliyekupa moja, alithubutu kwa sababu ulimwahidi. Ukifungua, utapata jina la mtoto aliyepotea, na kuanzia hapo akipotea hatakwambia.