Miti Yako ya Bondeni

S.L.P. 47,
Kanyakine,
Meru.
6 Septemba 2009

Mpendwa mdogo wangu Karwirwa,

Muuga! Mnaendeleaje huko Leeds, wewe na mwanao Wambura? Kile kifua chake cha baridi kimepata nafuu, au bado anakohoa usiku? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama anakula vizuri, magoti yanamsumbua asubuhi tu, na jioni anazunguka shamba akikagua mipaka kama askari kanzu. Mume wangu Baba Mutegi yupo, anakohoa na kusingizia vumbi. Mimi bado hajanichoka, nimenenepa kidogo, usiulize zaidi ya hapo.

Barua yako tuliipata pamoja na picha. Huyo mtoto amerefuka jamani! Mama aliishika picha akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akatangaza kwamba meno hayo ni ya baba yetu na mtu asibishane naye. Sasa iko juu ya kabati, na kila anayekuja kwetu lazima aonyeshwe kabla hajapewa chai.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu ya mwezi wa saba ilituharibia. Nilitaja tu miti yako, wewe ukawaka, halafu laini ikakatika nikabaki nikiongea na ukuta. Naomba usiwake tena. Jambo lenyewe nalitaja mapema ili usisome huku roho ikidunda: chemchemi ya bondeni inakauka, na mikaratusi uliyoipanda pale ndiyo inayokunywa maji yake. Tungependa kuikata kabla ya mvua za Oktoba. Ni yako, kwa hivyo hakuna mtu ameigusa hata tawi. Nitafika huko polepole, lakini kwanza nimjibu mtoto, maana yeye aliuliza kwa adabu kukushinda.

Wambura anataka kujua yale maneno ya mazingira wanayofundishwa shuleni huku tunayaitaje, na kama tunaishi hivyo au tunayasema tu. Mwambie mama mkubwa wake amerudi darasani. Kikundi chetu cha akina mama kanisani kilipata mwalimu, Phyllis, dada mmoja wa Gachoka anayefanya kazi na shirika la maji. Anachanganya Kiswahili na Kimbeere, sisi tunamjibu kwa Kimeru, na tunaelewana vizuri sana, isipokuwa akikasirika.

Neno la kwanza lilikuwa mboji. Mimi kwa haraka zangu nilirudi nyumbani nikachimba shimo nyuma ya zizi, nikatia kila kitu kilichoitwa takataka: maganda ya ndizi, majivu, samadi, pakiti za maziwa, nyuzi za gunia, hata kandambili ya Baba Mutegi iliyokatika. Nilipoona limeiva nikaalika kikundi kizima kuja kutazama. Phyllis akaingiza uma wa shamba, akageuza, na kitu cha kwanza kutoka kikawa ile kandambili, imenawiri kuliko siku niliyoitupa. Akaiinua juu akasema, "Mama Mutegi, hii nayo itaoza mwaka gani?" Nilitamani shimo linimeze. Basi mwambie Wambura mboji ni kile kilichowahi kuwa hai kikaoza na kurudi udongoni. Kile kilichotoka kiwandani hakijui kuoza, kitatungoja sote tuzikwe.

La kushangaza ni kwamba Baba alikuwa akifanya hivyo miaka yote. Unakumbuka alivyokuwa akitukemea tukichoma majani ya migomba, badala ya kuyatandaza chini ya kahawa? Hakuwa na jina la kuliita. Alijua tu kwamba jua halifiki kwenye mizizi na kahawa inamshukuru.

Halafu kuna kutumia kitu tena badala ya kutupa. Hapo Baba Mutegi amejitangaza bingwa. Anasema miraa yake imefungwa kwa majani ya mgomba, si karatasi za plastiki, kwa hivyo yeye ni mtunza mazingira wa siku nyingi. Nikamwambia majani ya nje hayana neno, ni haya ya ndani ndiyo tunayolalamikia. Aliondoka bila kumaliza uji.

Mimi mwenyewe siku hizi naenda mjini na chondo, kile kikapu cha kusuka, badala ya mifuko ya plastiki. Hidaya, yule uliyesoma naye, bado ana duka pale Kinoru. Siku ya kwanza aliponiona nacho alicheka mpaka akashika meza, akauliza, "Kathambi, umekuja soko ama umekuja posa?" Sasa ameanza kuwaambia wateja wake waje na vyao. Anakusalimia sana, anasema ulipotelea wapi.

Kuhusu nishati ya jua sina mengi. Tulinunua ile taa ndogo, tukaiweka juu ya paa ijaze, na mtu akaja kuichukua mchana kweupe. Jua tulibaki nalo.

Neno lililotupa shida lilikuwa nyayo za kaboni. Phyllis alieleza kwamba kila mtu anaacha moshi nyuma yake kwa namna anavyoishi: kuni anazochoma, gari analopanda, vitu anavyonunua kutoka mbali. Mama alikuwa amekaa nyuma, akauliza moshi wake ni kiasi gani, yeye ambaye hajavuka Embu. Phyllis akamwambia ni kidogo sana. Mama akauliza, "Na ule wa ndege?" Akaambiwa huo ni mwingi mno. Akasema mbele ya watu wote, "Huo wa kwenda ni shauri yake. Huo wa kurudi mimi nimemsamehe." Akina mama wakapiga makofi. Mimi niliinama nikajifanya natafuta kalamu.

Sasa nifike bondeni. Wambura ameandika neno lingine, chanzo cha maji, na hilo sikuhitaji kufundishwa. Wewe na mimi tumelelewa na ile chemchemi. Ulikuwa unalala kifudifudi unakunywa kama ndama, na Mama anapiga kelele kutoka juu. Ukiiona leo utalia. Maji yanatoka kama machozi ya mtu anayejizuia. Wanawake wanakwenda na kikombe, wanachota na kumimina kwenye mtungi, mmoja akimaliza wengine wanangoja ijae tena. Maji ya mfereji nayo huja yakitaka. Mwaka huu mvua ndefu zilitukimbia, najua, na si kila kitu ni kosa la miti. Lakini chemchemi ya ng'ambo, kwenye shamba lisilo na mikaratusi, bado inabubujika, na anga ni lile lile.

Phyllis alituonyesha. Mkaratusi ni mti mzuri penye maji mengi yasiyotakiwa, au juu kwenye mteremko mbali na mto. Ukiupanda mdomoni mwa chemchemi, mizizi inakwenda moja kwa moja hadi kwenye kikombe. Hakuna anayekulaumu. Ulipopata mshahara wako wa kwanza, maofisa wa misitu wenyewe ndio waliogawa miche, na kijiji kizima kilikuonea wivu.

Nazijua pia hofu zako, hata kama laini ilikatika kabla hujazisema. Baba alipokupa kile kipande cha shamba, wewe binti, wazee wa ukoo walinung'unika hadi wakachoka. Unaogopa miti ikianguka watasema pale hapana mwenyewe. Karwirwa, mimi niko hapa. Mbao zitapasuliwa, zitapangwa ghalani kwetu zikauke, na nyumba yako itajengwa nazo. Mashina tutayaua yasichipue. Karibu na maji tutapanda mikuyu, na juu kidogo tutapanda muringa na muuru, miti ya hapa hapa inayojua kukaa na maji bila kuyamaliza. Kila mti utaitwa wako, na atakayebisha nitakutana naye.

Nilidhani Mama ndiye atakayefurahi kuliko sote, maana chai anataka ya maji yale tu, anasema ya mfereji ina ladha ya msumari. Kumbe! Nilipomweleza alikataa kabisa. Nikamfuata bondeni nikamkuta amesimama ameegemea mti mmoja, ameuwekea mkono. Akaniambia, "Hii ikianguka, mtoto wangu atarudi kufanya nini? Nyumba yake si ndiyo hii imesimama?" Nikaelewa ni kwa nini kila asubuhi anafungua mlango wa jikoni na kutazama chini kabla hajawasha moto. Wageni wakija huwaonyesha ile miti na kusema, ile ni nyumba ya Karwirwa. Hujakanyaga hapa tangu tumzike Baba, na yeye amekuwa akikungoja kwa kutazama mikaratusi. Nililia pale pale, sikujificha.

Kwa hivyo nikanyamaza, na mambo yangeishia hapo. Lakini Jumapili iliyopita tulishuka mimi na yeye kabla ya kanisa. Mbele yetu alikuwa bibi mmoja jirani, mzee kama Mama, amechota mpaka kikombe kikawa kinakwaruza mchanga. Mtungi wake haukufika hata nusu, akaubeba hivyo hivyo kwenda. Mama alimwita, akammiminia maji ya jana yaliyokuwa yamebaki kwenye mtungi wetu, yote. Tulipofika nyumbani akakaa kwenye kigoda, akavua kitambaa cha kichwa, akasema, "Ikatwe."

Nikataka kumwita Baba Mutegi alete msumeno, akanizuia. Akauliza kama nimesahau utaratibu wa Baba. Sijausahau, na wewe pia hujausahau. Katika boma hili mti haukatwi kabla aliyeupanda hajaupiga shoka la kwanza kwa mkono wake, ndipo wengine wamalizie. Hata alipokuwa mgonjwa tulimbeba Baba kwenye kiti mpaka kwenye muringa wake, akaugusa na shoka hivi, tukaendelea. Mama akaanza kuniuliza kama mwalimu. "Wewe ulipanda? Hapana. Baba Mutegi alipanda? Hapana. Basi mwenyewe aitwe."

Nilimwambia kazi yako ya hospitali haiachiwi tu hivyo, na safari ni ndefu, na makaratasi ni mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamtuma Baba Mutegi atafute mpini mpya wa shoka, na usiwe mrefu, kwa sababu mikono yako ni mifupi.

Kwa hivyo, mdogo wangu, sikuombi ruhusa. Ruhusa nilidhani ndiyo ninayoitaka, nikaanza barua hii nikiitafuta. Nakuomba uje. Miche ya mikuyu iko tayari kwenye kitalu cha kanisa na mvua zikikaribia lazima iingie ardhini. Tukikosa msimu huu tutangoja mwingine, na chemchemi sijui kama itangoja. Magoti ya Mama nayo nimekwambia habari zake nusu tu. Kila Desemba unasema Desemba ijayo. Safari hii njoo kabla ya Desemba, hata kwa wiki moja, na uje na Wambura aone kile anachoandika shuleni.

Nisalimie rafiki zako wa huko wanaokutunza. Baba Mutegi anakusalimia na anasema mpini ameshaupata. Mutegi wangu anamsalimia binamu yake Wambura, anauliza kama huko kuna migomba. Hidaya nimeshakufikishia zake. Mungu awafunike ninyi wawili, awape usingizi wa amani na awafungulie njia ya kuja nyumbani.

Mama nilimuuliza niandike salamu gani kutoka kwake. Amekataa. Anasema zake hazitumwi, utazikuta hapa.

Ni mimi dadako akupendaye sana,
Kathambi