Leseni ya Redio Iko Sebuleni

Shahida, usicheke. Kaka Amjad kazuiwa Pemba ya Msumbiji, pamoja na ndege ya watu!

Watalii kawashusha salama. Afisa akamwambia: "Leseni ya urubani nimeiona. Ya kuongea redioni i wapi?"

Ya kuongea! Na ni wao hao walioongea naye mpaka akatua!

Kawauliza, "Jamani, si mmenisikia?" Akajibiwa, "Kwenu ni kwenu. Hapa bila hiyo huongei, na usipoongea huruki."

Huruki, Shahida! Na tajiri wake keshawaka, kibarua kitaota nyasi.

Na leseni anayo! Mama kaitia fremu, kaitundika sebuleni, ati ina picha nzuri.

Namwomba aishushe tuipeleke, kanitolea macho: "Wakwe zake waja jioni, wataona nini ukutani?"

Fremu wataiona, shoga. Bwana harusi ndiye hawatamwona.