Mama Anakula Akiwa Amesimama

Jumatano, 26 Novemba
Nimechota maji, nimemenya viazi, nimekariri Katekisimu huku sufuria ikichemka. Bibi ananisahihisha bila kitabu. Kesho Mama anatua Dar, keshokutwa yuko Makambako. Miaka minne Omani. Anakuja kwa ajili ya kipaimara changu. Naogopa. Sijui nitamwambia nini baada ya shikamoo.

Ijumaa, 28 Novemba
Nimempokea stendi Makambako. Amekonda. Nilimwamkia kama ninavyowaamkia walimu. Akanishika uso, akanisalimia kwa Kibena. Mikono mikavu, inanuka dawa ya kufulia.
"Kamwene, mwanangu! Mrefu hivi, na hamkuniambia?"
Nikacheka tu. Njia nzima hadi nyumbani Njombe nilijifanya nasoma.

Jumapili, 30 Novemba
Mama haketi tukila. Anapakua, anarudi nyuma, anasimama ukutani, mikono mbele. Tukimaliza anakula jikoni, harakaharaka, akiwa amesimama. Bibi alimwambia, "Keti bwana, Mama Upendo, hapa si kwa bosi wako." Akaketi. Nikaangusha kijiko. Aliinuka kukiokota kabla sijainama, na kitini hakurudi.
Nimekasirika na sijui nimemkasirikia nani. Tuliuza shamba Baba alipolazwa hospitali ya Ikonda. Akafa hata hivyo. Mama alikwenda ili nisiache shule. Vitabu vyangu vyote vimetokana na kusimama kule.

Jumatano, 3 Desemba
Nimefanya kitu kibaya.
Neema, tunayesoma naye ila hajawahi kumwona Mama, alikuja tukariri pamoja. Mama akaleta chai na viazi, akarudi ukutani. Neema akaninong'oneza, "Hee! Siku hizi mna dada wa kazi? Mmeula!"
Niliwahi kumwambia kwamba mama yangu ni meneja wa hoteli Omani.
Nikasema, "Eh."
Neno moja. Mama alikuwa pale pale, amesikia. Akainama kuchukua vikombe.
"Niwaongezee chai, dada?"
Aliniita dada. Alinisaidia kudanganya.
Jioni Bibi aliniuliza amri ya nne, ile ya kuwaheshimu baba na mama. Naijua tangu mdogo. Haikutoka. Bibi akasema nimechoka, nikalale.

Alhamisi, 4 Desemba
Sijamwambia. Amenifulia sare.

Jumapili, 7 Desemba
Nimepata kipaimara. Gauni jeupe, baridi kali kanisani. Mchungaji aliponiwekea mkono kichwani nilikuwa nafikiria vile vikombe.
Nyumbani majirani walijaa. Neema na mama yake pia. Mama aliwapakulia wote, kisha akaenda ukutani. Nikabeba sahani yangu nikasimama kando yake.
"Rudi ukakae, siku yako hii."
"Sikai mpaka na wewe ukae."
Watu wakageuka. Sipendi kutazamwa. Sahani ikainama, wali ukamwagika kwenye gauni. Nikamwangalia Neema, nikasema, "Huyu ni mama yangu. Omani anafanya kazi za ndani. Nilikudanganya."
Mama yake Neema akadakia, "Kwani nani hajui? Si mimi niliyemsindikiza stendi akienda Omani? Keti, Mama Upendo, shingo zinatuuma kukuangalia juu!"
Wakacheka. Mama akaketi ukingoni mwa kiti. Neema hakuinua macho kutoka kwenye sahani yake. Kumbe mimi tu ndiye niliyekuwa naificha kazi ya Mama.
Nilidhani nikisema aibu itaisha. Bado ipo.

Jumamosi, 13 Desemba
Mama amerudi Omani. Mkataba wake haujaisha, na mimi bado nina Kidato cha Nne mwakani.
Makambako palikuwa na mvua. Tulisubiri basi mgahawani. Nilitaka kumwomba radhi kwa ile "eh" yangu. Nikaanza, "Mama, siku ile..." Akaniuliza kama nina soksi nzito za kutosha.
Halafu akavuta kiti, akaketi kabla yangu. Akamwita mhudumu. Wali maharage, sahani mbili.
Tukala taratibu. Basi lilichelewa. Sikufungua kitabu.