Tanzia ya Mtu Aliye Hai

Jumatatu, 10 Machi

Nimemkuta kaka yangu mlangoni. Si yeye mwenyewe – karatasi yake. Mlango wa jengo letu umejaa tanzia kama kila mlango hapa mjini Ruse: mzee wa ghorofa ya tatu, miezi sita tangu atutoke, mke wa fundi bomba, arobaini. Na leo, katikati yao, Yavor! Picha nyeusi na nyeupe, fremu nyeusi. "Yavor Minchev. Jumapili, 16 Machi, saa tano asubuhi. Ukumbi wa Utamaduni." Chini kabisa, kwa herufi za mchwa: "Filamu: Kando ya Bomba."

Nikacheka.

Nikampigia Kalina, ndiye aliyeitengeneza hiyo filamu. Miaka mitatu, hadi gari lake kaliuza. Karibu alie. Kumbe yule mchapaji aliyempa tangazo la filamu, kazi yake ni tanzia tu, asubuhi mpaka jioni. Kaona uso, jina, siku na saa – mkono ukaweka fremu wenyewe. "Kadhani nimeisahau fremu, Zori! Kanifanyia hisani!" Na kubandika ni sehemu ya huduma. Themanini, mji mzima, kabla Kalina hajaona hata moja.

Sasa niandike lile nisilolisema popote. Watu wote wanajua Yavor yuko Stuttgart, kiwandani. Mama ndiye anayesema hivyo, mwaka wa nne huu. Yavor hajawahi kufika Stuttgart. Yavor anavuta unga, na analala nyuma ya kituo cha kupasha maji, kando ya bomba kubwa, kwa sababu lina joto. Kwenye filamu anaigiza hayo hayo. Imekataliwa na matamasha kumi na moja. Sofia ilionyeshwa mara moja, watazamaji saba, wawili walilala.

Kila Alhamisi nampelekea supu. Mama hajui.

Jumanne, 11 Machi

Bi Tsonka wa ghorofa ya pili kaja na bakuli la ngano ya kuchemsha na sukari, ile ya matanga, na maua meupe sita. Shufwa, kama ya wafu. Aliye hai angepewa witiri, tano au saba.

"Poleni wanangu. Kijana mzuri vile! Alikuwa akinibebea mifuko."

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Mama akaniwahi.

"Gari lilimgonga," akasema. "Huko huko Stuttgart."

Na akaipokea ngano! Akashukuru! Akakubali kushikwa bega!

Mlango ulipofungwa nikamwuliza anafanya nini. Akawa anayapanga maua kwenye chupa, hanitazami.

"Ulitaka nimwambie mwanangu ni teja?"

"Yuko hai, mama."

"Kwako."

Neno moja. Nimelala nalo mchana kutwa. Ngano sikuigusa.

Jumatano, 12 Machi

Shule. Mwalimu wa Kijerumani kanipa pole mbele ya darasa, kwa Kijerumani. Wote wakanigeukia. Mimi huyu, ambaye kuomba ruhusa ya choo najipanga dakika kumi – nikasimama. Nikasema kwa Kijerumani kwamba kaka yangu hajafa, hajawahi kuiona Stuttgart, anatumia dawa za kulevya na analala kando ya bomba. Nikayarudia kwa Kibulgaria, kwa ajili ya wale wa nyuma ambao hawakusoma.

Nilisema!

Baadaye nikanunua kalamu nene nyekundu. YU HAI. Juu ya kila uso wake niliouona, kuanzia mlango wetu. Mtaani mzee mmoja alinifokea, eti nakosa adabu kwa marehemu. Nikamwambia marehemu ni kaka yangu na anapenda rangi nyekundu. Thelathini na moja.

Mama kaipita ile ya mlangoni. Hakuichana.

Alhamisi, 13 Machi

Supu ya maharage, themosi, mkate nusu. Yavor hayupo. Blanketi halipo. Mitko Jino, anayelala naye hapo, yuko peke yake kando ya bomba, kavaa kofia zake mbili.

"Hatujamwona tangu Jumatatu," akasema. Akanywa supu. Akaitazama mikono yangu yenye wino mwekundu. "Wewe ndiye unayeandika yu hai?"

"Ndiyo."

"Andika kwa penseli, mdogo wangu."

Ijumaa, 14 Machi

Hospitali – hayupo. Polisi – hayupo. Kule walikonielekeza polisi, chumba cha baridi – hayupo.

Kalamu imekwisha wino. Nimenunua nyingine. Nyekundu ile ile.

Jumamosi, 15 Machi

Bwana Gancho wa ukumbi kampigia Kalina. Anafuta onyesho. Watu wanamwuliza jeneza litaingilia mlango upi! Ukumbi wake ni wa kwaya na ngoma, si wa matanga wala mateja. Kalina akaanza, "Naelewa, Bwana Gancho..." na nikaona anakubali. Anakubali! Miaka mitatu!

Nikamnyang'anya simu.

"Shikamoo, Bwana Gancho. Ukumbi wako ulijaa mara ya mwisho lini?"

Akaniuliza mimi nani.

"Mdogo wake huyo marehemu."

Hajafuta.

Yavor bado. Alimwahidi Kalina kuja, kabla ya yote haya. Nimeandika YU HAI mara sabini na nne na sijui kama ni kweli.

Jumapili, 16 Machi

Naandikia kwenye ngazi za ukumbi. Saa tano na dakika arobaini. Filamu inaendelea ndani.

Umejaa! Wamekuja kumzika. Jengo letu zima, walimu wake wa zamani, wauza soko, wote kwa nyeusi, maua kwa shufwa. Mama mstari wa mbele, kitambaa cheusi kichwani, Bi Tsonka kamshika mkono. Kalina alikuwa hana rangi usoni. Nikapanda mimi jukwaani. Sauti kama ya mbu.

"Hakuna aliyekufa. Sijui alipo, lakini hakuna aliyekufa. Kaeni mtazame anavyoishi."

Minong'ono. Mmoja akainuka kutoka. Bi Tsonka akamgeukia: "Kaa chini, Petkov! Tumeshavaa." Mama alitazama magoti yake. Taa zikazimwa. Yavor akatokea, mkubwa kama ukuta, anapiga mswaki kwa maji yanayovuja kwenye bomba. Nikasikia pumzi ya mama. Naijua. Nikashindwa, nikayachukua maua sita ya Bi Tsonka kitini pake, nikatoka.

Na yeye hapa. Kwenye ngazi! Nywele zimelowa, shati la mtu mwingine, arosto ya unga imempanda. Akachungulia mlangoni, akaona nyeusi tupu.

"Nani kafa?"

"Wewe."

"Tena?"

Nikampiga kwa ngumi begani, nikalia, nikampiga tena. Siku zote hizi alikuwa kajificha kwenye boti mbovu chini ya daraja. Alijiona kwenye kila mlango, akafikiri labda mji umeshaamua. Leo asubuhi akapita penye jengo letu, akaona nyekundu.

"Mwandiko mbaya," akasema. "Mama yumo?"

"Mstari wa mbele."

"Kavaa nini?"

"Nyeusi."

Akacheka kidogo, bila sauti. Akasema atamaliza sigara kwanza. Nimechomoa ua moja kati ya sita, nimelibana humu daftarini. Mengine nimempa. Aliyahesabu kwa kidole, mara mbili.

Ndani, kwenye filamu, sauti yake inamwita mama. Naikumbuka hiyo sehemu, ni karibu na mwisho. Hapa nje ameacha kuvuta, anasikiliza. Sigara imefika kwenye kichungi. Bado hajaitupa.