Mama Neema Wawili

Akinyi dadangu, mko aje huko Lanet?

Sisi tumechoka. Elburgon, mwenye nyumba alisikia mtoto hana baba, ni sisi wawili tunamlea, akarudisha ufunguo mfukoni. Leo tuko Subukia, tumelowa na tumejaa matope. Mathe mmoja mzee, mwenye nyumba ya huku, ametupa chai kabla hajauliza kitu. Baadaye akauliza jina la mtoto, kisha akaita kutoka jikoni, "Mama Neema!" Mimi na Wambui wangu tukaitika pamoja, halafu tukaogopa. Akatuangalia, akamwangalia mtoto.

"Basi mmoja alete kuni," akasema, "na mwingine ashike mtoto."

Nilileta kuni nikilia. Mwambie mama mjukuu wake amepata pahali pa kulala, hata kama hajauliza.

Nawapenda,
Atieno