Kesi ya Umeme wa Jioni

Sapiwi, Bariadi
Jumapili, baada ya misa

Kwa dada yangu Benedikta,

Mwangaluka dada. Mhola? Huku mhola duhu, salama tu, hatuna ugonjwa isipokuwa hasira, na hiyo zahanati hawana dawa yake. Shemeji hajambo? Wajomba zangu wanakula vizuri? Na macho ya Mayu yanaendeleaje? Daktari ameshasema siku ya kumpasua, au bado anamchungulia tu na tochi?

Usishangae kupata barua kama enzi za babu. Simu ninayo na chaji imejaa. Tatizo kila nikipiga, Mayu mama yetu anakuambia uweke sauti kubwa. Swali lake la kwanza, Meneja anakula? La pili, Meneja amenenepa? Halafu ndiyo anakumbuka kuuliza kama na mimi niko hai. Sasa haya ya leo asiyasikie. Ndiyo maana barua nampa Anatoli, anakuja huko Mwanza na lori la pamba. Soma ukiwa chooni ikibidi.

Unajua tangu nifungue karakana ya kuchomelea pale njia panda nimekuwa mtu wa maana. Parokia wamenipa kazi ya mageti na madirisha ya nyumba mpya ya padri. Nikiimaliza vizuri, hata wa Maswa watanijua. Basi nikiwa katikati ya raha hiyo, umeme ukaanza kukatika kila jioni. Siyo mgao, mgao tunaujua, unatukata sote na majirani. Huu ulikuwa wa kitongoji chetu peke yake. Jua likianza kupoa unasikia paa! kule kwenye laini, kimya. Fyuzi ya transfoma imeungua. Tunampigia fundi Athanasi, anakuja na pikipiki kutoka mjini, ananyanyua ule mti wake mrefu, anaweka fyuzi nyingine, tunapiga makofi. Kesho yake jioni, paa!

Watu walichoka dada. Elia kinyozi alikatikiwa akiwa amenyoa nusu ya kichwa cha mwalimu wa kwaya. Jumapili mwalimu kaongoza kwaya na kofia ya sufu, jasho linamtiririka mpaka kwenye kitabu, na padri anamvua ile kofia kwa macho. Soda za Mektilda zilikuwa za moto hadi akaanza kuuliza wateja kama wanataka na majani ya chai. Kule mashineni kwa Shida, kina mama wanaacha mahindi yamesagwa nusu, asubuhi wanagombana unga upi wa nani.

Na wote wakanigeukia mimi. Ni kweli, nikichomelea, taa za jirani zinafifia. Athanasi alinieleza kwamba umeme unakwenda kama maji ya bomba, mtu akifungulia koki kubwa hapa katikati, wa mwisho wa laini anapata matone. Mashine yangu ndiyo hiyo koki. Lakini taa kufifia ni jambo moja, na fyuzi ya transfoma kuungua ni lingine kabisa. Niliwaeleza hivyo mpaka mate yakakauka. Mboje, yule jirani yetu wa kisimani, akaniambia niliishia darasa la nne, nisijifanye injinia. Nikamjibu kwamba yeye alifika la saba na bado anasaini kwa dole gumba. Nakiri hapo sikuisaidia kesi yangu.

Mzee Limbu, mwenyekiti wa kitongoji, akatangaza mkutano Jumamosi. Ikionekana mashine yangu ndiyo mchawi, waandike ombi nikatiwe umeme moja kwa moja. Mageti ya padri hayajafika hata nusu! Nimeshakata chuma chote, utakirudisha wapi chuma kilichokatwa?

Nikamng'ang'ania Athanasi. Akatembea na laini yote ameinua kichwa, akanionyesha waya zina alama nyeusi katikati ya nguzo mbili, karibu na njia ya lambo. Akasema waya zimelegea, nguzo ikitikiswa zinagusana, na fyuzi inakubali kuungua ili transfoma ipone. Ameshaomba gari na mafundi waje wazikaze, ila foleni ni ndefu. Kilichomshinda ni kujua nguzo inatikiswa na nini, maana upepo hakuna. Akaniambia hilo nilichunguze mwenyewe.

Jumatano jioni nikaenda kukaa karibu na ile nguzo na karanga zangu mfukoni. Ng'ombe wetu wakarudi kutoka kunywa maji lambo. Dada, Meneja akachomoka kwenye kundi, akaenda moja kwa moja kwenye ule waya mnene unaokaza nguzo, ule unaoshuka umelala mpaka ardhini. Akaingiza shingo chini yake, akafumba macho, akaanza kujikuna. Nguzo ikacheza kama kijana wa ngoma siku za mavuno. Juu huko waya zinarukaruka. Paa! Cheche. Yeye hata jicho hakufumbua. Akamaliza upande mmoja, akageuza wa pili.

Meneja! Dume aliloliacha Baba, ambalo Baba mwenyewe aliliita hivyo kwa sababu halifanyi kazi yoyote na wote tunalisubiri lipite.

Alhamisi nikazungushia ule waya miiba. Akaipenda zaidi. Ijumaa nikamchimbia gogo lake la kujikunia pale zizini, nikalifunga na mnyororo wa pikipiki. Akalinusa, akalikojolea, akaenda zake kwenye nguzo. Nikamfunga kamba, akang'oa kigingi akaenda nacho, kama mtu na fimbo yake. Luhende anayetuchungia nikamwambia awapitishe njia nyingine. Akawapitisha. Meneja akapita ya zamani peke yake.

Sasa dada, kaa vizuri nikuambie la Jumamosi.

Nilikwenda mkutanoni na ukweli wangu mdomoni. Nikasimama. Nikamwona Mboje amekaa mstari wa mbele. Nikakumbuka mwaka juzi ng'ombe wake alipovunja bomba la kisima, mkutano huuhuu ukaamua achinjwe kufidia, na jioni tulikuwa tunamtafuna. Mimi nilikuwa wa kwanza kwenye foleni ya maini, tena nikamwambia Mboje maini ni laini. Nikajua nikitaja jina la Meneja, Mboje atakuwa ameshanoa kisu kabla sijakaa chini. Halafu kichwani nikamwona Mayu siku ile anaondoka, anavyompapasa Meneja uso mzima, anasema wakimtoa bandeji anataka amwone vizuri, kwa kuwa tangu Baba afe anamjua kwa mlio tu.

Nikafungua mdomo niseme ukweli. Mdomo ukasema ni mashine yangu.

Ndiyo dada. Mbele ya watu wote. Nikaomba radhi, nikaahidi kuanzia saa kumi sichomelei hata msumari, ila wasinikatie. Wakaguna, wakakubali. Mboje akacheka mpaka akakohoa. Mzee Limbu akasema leo ameona kijana amekomaa.

Toka siku hiyo, hii wiki ya tatu sasa, saa kumi nazima mashine, nachukua brashi yangu ya waya, ile ya kusugulia kutu, naenda kumpokea Meneja njiani kabla hajaifikia nguzo. Namkuna shingo, namkuna mgongo, namkuna kule nyuma ambako sitakuandikia. Mwanaume mzima, fundi wa parokia! Akiridhika anapita pale nguzoni kama haioni.

Na umeme haukatiki. Hata mara moja! Unaelewa maana yake? Wote sasa wana uhakika ilikuwa mashine yangu. Elia ananisalimia kwa huruma. Mektilda kanipa soda, ya baridi kweli, kwa kuwa nimeokoka. Padri anauliza mageti mbona yanachelewa, nami siwezi kumwambia nina mteja mwingine wa jioni. Nimefungwa kwa kosa la ng'ombe, na ushahidi naupeleka mwenyewe kila siku na brashi mkononi.

Nakuomba msukumeni huyo daktari, Mayu apone arudi, brashi nimkabidhi yeye. Akiuliza kuhusu Meneja, mwambie anang'aa, hajawahi kung'aa hivi. Akiuliza nani anamtunza, mwambie ni mimi. Hataamini, lakini mwambie.

Msalimie shemeji, wajomba wote, na Nancy wa jirani kama bado hajaolewa. Wa huku wote wanawasalimu, hata Mboje, maana siku hizi ana furaha sana. Ningeendelea kuandika, ila saa kumi imefika na Meneja siku hizi hasubiri nimfuate. Yuko hapa nje, anagonga geti la padri kwa pembe.

Ni mimi mdogo wako,
Marcelo,
fundi wa asubuhi